Roboti za gurupu na upepo wa uongo

Mhariri, asalaam aleikum. Nipe nafasi niwaambie kitu hawa vijana wetu wa Lamu wanaotengeneza roboti za gurupu za Telegram, zile ukiandika /upepo au /maji inakujibu. Kazi nzuri, sikatai, hata wazee wa mashua siku hizi wanauliza simu kabla hawajang'oa nanga.

Sasa komandi ikiharibika kila mtu ni "netwaki, netwaki". Aa, mara nyingi si netwaki. Roboti yenyewe haijui upepo, ni kama mtoto aliyetumwa dukani, inaenda na linki kwa seva ya mbali, yani kompyuta yenye data za hali ya hewa, ikirudi inatupa namba kwa gurupu. Chukueni linki hiyo hiyo muifungue kwa brauza muone seva inasemaje. Ikikupa namba 401 ni ufunguo wa API (yale maneno ya siri seva inakutambua nayo) una kasoro, 404 anwani si yenyewe, 429 mumeuliza mno, na hii ndo ya gurupu kubwa, asubuhi wote wanabonyeza, basi roboti iweke jibu dakika kadhaa kabla ya kuuliza tena. Namba ikianza na 5 kosa ni la seva, ngojeni tu.

Hizo angalau zinajitangaza. Mimi naogopa ile ya 200, yani kila kitu sawa, alafu jibu lenyewe la uongo. Latitudo ya Lamu ni -2.27, ukisahau hiyo alama ya kutoa ushatupwa nchi kavu upande wa El Wak, sasa huko utasafiri na mashua gani? Seva ya OpenWeatherMap usipoiandikia units=metric kwenye linki inakupa joto kwa Kelvin, kipimo cha wanasayansi, watu wanaambiwa joto leo ni 301 kumbe ni 28. Na upepo wake ni mita kwa sekunde wakati seva nyingine, Open-Meteo, inatoa kilomita kwa saa, 10 ya huku ni 36 ya kule, umebadilisha seva hukubadilisha maandishi, msimu wa kusi huo si mchezo.

Saa nazo ndo balaa. Seva nyingi zinajibu kwa UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele masaa 3. Roboti ikiandika maji yanajaa 07:00, hapa ni saa nne asubuhi, lakini mtu wetu akiona saba anaelewa saa saba mchana, anatoka kwenda Faza kwa njia ya Mkanda, ule mkondo wa maji machache, maji yashaanza kutoka kitambo, anakwama na abiria juani mpaka yajae tena. Andikeni saa ya Lamu, tena kwa maneno, na muandike data ni ya saa ngapi. Na seva isipojibu roboti iseme "sijapata", isiturudishie upepo wa jana.

Alafu mkiomba msaada kwa gurupu jamani futeni ufunguo kwenye linki kwanza, wengine wanaubandika mzima mzima.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu