Kibao cha kilomita hakitoshi kwa njia za mbio za Iten

MHARIRI,

Kila mazungumzo ya utalii wa michezo yanaporudi kwenye kaunti yetu ya Elgeyo Marakwet, ulipo mji wa Iten, pendekezo la kwanza huwa lile lile: njia za wakimbiaji zipimwe, zichorwe kwenye ramani na kuwekewa vibao ili mgeni asipotee. Silipingi. Ninachopinga ni kibao kitakachoandikwa "Kilomita 21" kisha kikanyamaza. Kwenye ardhi hii ya milima, misitu na mabonde, idadi ya kilomita ndiyo habari ndogo kuliko zote. Mkimbiaji anataka kujua anaanzia mwinuko gani na anamalizia upi, anakanyaga udongo gani, mvua ya jana imeufanya nini udongo huo, na akishindwa katikati atatokea wapi apate matatu.

Chukua njia mbili za kilomita 21. Moja iko upande wa Moiben, ambako ardhi imelala na mtu hupanda na kushuka vijilima vya kawaida tu. Nyingine inaanzia Kimwarer, kulikokuwa na mgodi wa madini ya floraspa, na kupanda hadi Nyaru. Hii ya pili huanzia kwenye mwinuko wa kama mita 1,300 na kuishia karibu mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Piga hesabu: ni kama mita 1,400 za kupanda, karibu mita saba kwa kila mita mia, na sehemu ya kuvutia pumzi ni nadra. Anayemaliza nusu marathoni kwa dakika 65 kwenye tambarare asishangae saa yake ikipita dakika 85 kabla hajafika Nyaru. Mgeni akiona 21 kwenye kibao cha Moiben na 21 kwenye kibao cha Kimwarer, atadhani ni njia pacha.

Kwa kuwa mpando huo wa floraspa ndio unaotafutwa na kila anayekuja na kamera, ni afadhali kibao chake kiseme mambo waziwazi. Kwanza, hupandwa, haushukwi. Watu huteremka kwa gari alfajiri na kuanza kukimbia mwendo wa saa kumi na mbili, kabla jua halijashika bonde. Wapo wanaodhani kuteremka mbio ni rahisi kwa kuwa hakuchoshi kifua. Mapafu ni kweli hayachoki. Mapaja ndiyo yanayolipa. Katika kuteremka msuli wa mbele wa paja hufanya kazi ya breki, unavutwa huku unajikaza, na hapo ndipo nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Maumivu hayaji siku hiyo. Huja kesho, yakawa makali zaidi kesho kutwa, mtu akashindwa hata kushuka ngazi za hoteli. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hapa mgeni ndiye anayerudi kwao akichechemea.

Pili, gari lifuate nyuma likiwa na maji, lisimame kila kilomita tano. Chini bondeni kuna joto, na kwa kawaida hewa hupoa kama nyuzi sita na nusu kwa kila mita elfu unazopanda. Kwa hiyo anayeanza na jasho chini hukuta baridi na pengine ukungu juu, akiwa na fulana iliyolowa. Shati kavu na koti viwe ndani ya gari hilo. Tatu, kilomita tano za kwanza zikimbiwe polepole kuliko mwili unavyotaka, kwa sababu chini hewa ni nzito na miguu ni mipya, kila kitu kinadanganya. Wanaochomoka pale Kimwarer ndio wanaoonekana wakitembea kwenye kilomita ya kumi na tano. Na katika mpando mrefu kisigino hakigusi ardhi vizuri, kwa hiyo mzigo wote hubebwa na mashavu ya miguu na ukano wa kisigino. Ukihisi ukano unachoma, panda gari. Ukano ukishaumia hauponi kwa juma moja.

Njia hii isikimbiwe na mtu yeyote katika juma lake la kwanza huku juu. Iten iko kwenye mita 2,400 hivi, na shinikizo la hewa hapo ni kama robo tatu ya lile la Mombasa. Mwili huanza kuongeza chembe nyekundu za damu, lakini kazi hiyo ni ya majuma, si ya siku. Anayetoka pwani afanye mbio nyepesi za dakika 30 hadi 40 kwa siku nne au tano za mwanzo, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza sentensi nzima. Akiona saa inamwonyesha sekunde 20 hadi 30 zaidi kwa kila kilomita kuliko alivyozoea, hajaugua, ndivyo inavyokuwa. Anywe maji hata kama hasikii kiu, kwa sababu hewa hii ni kavu na jasho hukauka kabla hujaliona.

Tatizo jingine la wageni ni fatleki ya Alhamisi, yaani mbio za kubadilisha kasi. Kundi hukusanyika saa tatu asubuhi, mara nyingi watu mia moja na zaidi, na hukimbia kwa zamu: dakika moja kasi, dakika moja taratibu, mara ishirini au zaidi, au dakika mbili kasi na moja taratibu. Hakuna anayekataza mtu kujiunga. Lakini kundi halingoji, na njia ina kona na vichochoro vingi. Mgeni huachwa kwenye zamu ya nne, vumbi likatua, akajikuta peke yake kwenye njia panda iliyozungukwa na mahindi. Hapo kweli kibao kingesaidia, tena kidogo tu: mshale wa kuelekea Iten na umbali uliobaki. Mshale wa kurudi una faida kuliko ule wa kwenda, na sijui kwa nini wapangaji wa njia husahau jambo hili kila mara.

Sasa udongo. Barabara za vumbi za Iten na Kaptagat ndizo zinazowafanya wakimbiaji waweze kukimbia kilomita nyingi kwa juma bila magoti kulalamika, maana udongo mwekundu hupokea mguu kuliko lami. Ila udongo huo una tabia tatu kulingana na mvua. Ukiwa mkavu, kati ya Desemba na Februari, ni mgumu na unatoa vumbi. Lori moja likipita, kundi zima hufunga midomo kwa nusu dakika. Ukilowa, kuanzia Machi hivi, hushika kiatu tabaka juu ya tabaka mpaka soli inakuwa na uzito wa tofali, kisha kwenye mteremko huteleza kama sabuni. Hali ya tatu ndiyo mbaya zaidi na haizungumziwi: siku mbili au tatu baada ya mvua. Ng'ombe wamepita kwenye tope, kila kwato imeacha shimo la kina cha vidole vitatu, jua limepiga na mashimo yamekauka yakawa magumu kama vikombe vya udongo. Saa kumi na mbili asubuhi, giza halijaisha, huyaoni. Vifundo vya miguu huteguka hapo kuliko kwenye mawe. Siku hizo watu wenye busara huhamia kwenye msitu au huanza saa moja, mwanga ukiwa kamili.

Tena barabara hizi zimeinuliwa katikati ili maji yaingie mitaroni. Ukikimbia upande mmoja tu kwenda na kurudi, mguu mmoja unakuwa chini kuliko mwenzake kwa kilomita zote hizo, na baada ya majuma mawili goti huanza kuuma upande wa nje. Pasipo magari, kimbia katikati. Penye magari, kaa upande wa kulia ukiyatazama yanayokuja, na nguo iwe ya rangi inayong'aa. Nyeusi ni nzuri kwenye picha, lakini dereva wa alfajiri haioni.

Msituni, iwe Singore au Kaptagat, raha yake ni kivuli na ardhi laini. Hatari zake ni mizizi ya misaiprasi inayojificha chini ya majani makavu, na makovu ya trekta zinazovuta magogo. Mashamba ya miti huvunwa kwa zamu, kwa hiyo njia iliyokuwa na kivuli mwaka jana inaweza kuwa uwanja wa visiki mwaka huu. Anayechora ramani ya msitu bila kukaa na maofisa wa Huduma ya Misitu na kujua ni sehemu gani itakatwa lini, anachora ramani ya mwaka mmoja. Pia asitegemee saa ya setilaiti kupima chini ya miti na kando ya genge. Mawimbi hukatika, saa ikakata kona na kutoa umbali wa uongo. Kipimo cha kuaminika ni kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu la baiskeli. Kwanza pima mita 300 au zaidi za barabara iliyonyooka kwa utepe wa chuma, endesha baiskeli juu yake mara nne ili ujue gurudumu linazunguka mara ngapi, ndipo uende kwenye njia yenyewe. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, kwa sababu joto likibadilika, upepo wa tairi nao hubadilika na hesabu ikaharibika.

Kuhusu kukimbia chini kabisa bondeni, kando ya Mto Kerio, nitasema machache: bila mwenyeji, usiende. Karibu na Hifadhi ya Rimoi kuna tembo, mtoni kuna mamba, na makorongo yanayoonekana makavu huweza kushuka maji ghafla kwa sababu mvua imenyesha juu gengeni wakati bondeni jua linawaka. Waliosahau nguvu ya maji yanayotoka juu huku wakumbuke mafuriko na maporomoko ya Chesegon, Aprili 2020.

Nimefika kwenye dai lenyewe. Vibao ni rahisi na vinapigwa picha vizuri siku ya uzinduzi. Kinachomalizika kimyakimya ni njia zenyewe, na zinamalizwa na vitu viwili: lami na seng'enge.

Lami hatuikatai. Mkulima anataka maziwa yake yafike kiwandani kabla hayajaganda, na mama mjamzito anataka kufika hospitali. Lakini mkandarasi anapoweka lami, mtaro huchimbwa papo hapo pembeni, na nje ya mtaro ni ukuta wa udongo au ua wa shamba. Mkimbiaji anabaki na chaguo la lami au mtaro, huku matatu zikiongeza kasi kwa sababu barabara sasa ni nzuri. Dawa yake ni ndogo: upande mmoja tu wa barabara, nje ya mtaro, uachwe ukanda wa udongo wenye upana wa mita mbili, ushindiliwe, na upewe mwinamo mdogo wa kutiririsha maji mtaroni. Mita mbili zinatosha watu wawili sambamba na wa tatu kupita. Penye lango la boma, kalvati irefushwe ifike hadi kwenye ukanda huo ili mtu asiruke mtaro kila mita hamsini. Hili liandikwe kwenye michoro kabla ya zabuni kutangazwa. Mkandarasi akishaondoka na mashine zake, gharama huwa mara nyingi zaidi. Na ukanda huo hautakuwa wa wakimbiaji peke yao. Watoto wa shule ndio watakaoutumia kuliko sote.

Seng'enge ni ngumu zaidi. Njia nyingi za miguu kati ya Iten na vijiji vya jirani hupita mpakani mwa mashamba kwa desturi tu, hazimo kwenye ramani ya upimaji. Baba akigawia wanawe ardhi, kila mmoja huzungusha ua wake, na njia iliyopitwa kwa miaka mingi huisha kwa siku moja. Hatuwezi kumlaumu mwenye shamba kwa kufunga kitu ambacho hati yake inasema ni chake. Lakini Sheria ya Ardhi ya 2012 ina utaratibu wa kutenga njia ya umma, na mwenye ardhi hulipwa fidia. Kaunti ianze na njia chache zinazotumika kila siku, ipeleke mpimaji, iongee na wenye mashamba mmoja mmoja, na ikamilishe makaratasi kabla ya kununua hata kopo moja la rangi.

Yakishafanyika hayo, vibao viwekwe. Kila kimoja kwenye mwanzo wa njia kiwe na mwinuko wa chini na wa juu, jumla ya mita za kupanda, aina ya udongo, mahali pa kutokea penye stendi ya matatu au bodaboda, na sehemu zisizo na mtandao wa simu. Kilomita ziandikwe kwenye mawe kwa rangi nyeupe, yakiwekwa juu ya usawa wa nyasi. Na rangi hiyo haipiti msimu mmoja wa masika, kwa hiyo bajeti iwe na fungu la kuipaka upya kila Juni.

MWONGOZAJI WA WAKIMBIAJI,
Keiyo Kaskazini