Barua kwa Mama Pacha Kuhusu Kuegesha Gari

Kisumu,
Jumapili jioni.

Mpendwa Mama Pacha,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Uliponiuliza kwenye simu kama kweli siku hizi naegesha gari mjini bila kumwita mtu, nilicheka tu. Sasa kwa kuwa nawe umeanza mafunzo ya udereva huko Nakuru, naona afadhali nikueleze kinaganaga.

Leseni niliipata nikiwa na miaka 43, na katika mafunzo yote sikuwahi hata mara moja kuliingiza gari kati ya magari mawili kando ya barabara. Tulifanya hivyo kwenye ubao wa mji, yaani mfano mdogo wa barabara za mji uliowekwa mezani, kwa kigari cha kuchezea kinachosukumwa kwa vidole viwili. Ndiyo maana miezi ya kwanza nililiacha gari langu Milimani penye nafasi, nikapanda tuktuk kwenda mjini. Hebu fikiria, mwenye gari kulipa tuktuk!

Siku niliyojitia ujasiri, katika barabara ya Oginga Odinga, niliingia kwa kichwa, mkia ukabaki nje, na tuktuk zikapanga foleni nyuma yangu zikipiga honi. Kijana mmoja wa kuelekeza magari akaanza: "Lete! Lete! Kata yote!" Nikakata, nikakata, mpaka rimu ya mbele ikasagika kwenye jiwe la ukingo, kisha yeye akaomba ya chai.

Aliyeniokoa ni shemeji yangu, dereva wa matatu. Alipanga mitungi minne ya maji ya lita 20 katika uwanja wa kanisa, akaniuliza swali moja tu: "Shemeji, magurudumu yanayokata kona ni yapi?" Nikajibu ni ya mbele. "Basi hayo yaingie mwisho." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba magurudumu ya nyuma, ambayo hayageuki, hutangulizwa karibu na ukingo, halafu mbele panafuata pakizunguka.

Tafuta nafasi yenye urefu wa gari lako mara moja na nusu. Simama sambamba na gari la mbele, ukiacha kama mita moja kati yenu, hadi nyuma yako ilingane na nyuma yake. Tazama pande zote, hasa bodaboda, kisha rudi kwa mwendo wa kobe huku umekata usukani wote kushoto, macho yakirudi kila mara kwenye kioo cha kulia. Ukiiona humo taa ya kushoto ya gari lililo nyuma, yaani ile ya upande wa ukingo, nyoosha usukani uendelee kurudi; pembe yako ya mbele ikishalipita bampa la gari la mbele, kata wote kulia. Gari likienda upesi mikono haiwahi, na hilo ndilo lililonitesa kuliko yote.

Ijumaa nilirudi barabara ileile. Nilipomaliza nilifungua mlango wa abiria nikapima kutoka tairi hadi ukingo: shubiri moja na nusu. Kijana yuleyule alikuwa amesimama, mkono juu, safari hii hata hajatamka "lete". Hata hivyo alidai ya chai, nami nikampa shilingi ishirini.

Wasalimie pacha wote wawili.

Ni mimi dadako,
Mwalimu.