Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Malikale kwa Mgeni Rasmi, Kilwa Masoko

Mheshimiwa mgeni rasmi, Profesa wetu wa akiolojia ya majengo. Mkuu wa Shule. Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, na zaidi kwa kuvuka nasi jana kwenda Kilwa Kisiwani. Magofu yale tumeyazoea tangu utoto, lakini wengi wetu hatukuwahi kuonyeshwa namna ya kuyasoma. Ndani ya Msikiti Mkuu ulitusimamisha pale sehemu kongwe ya kaskazini inapokutana na ile kubwa iliyoongezwa kusini karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ukatuambia tuutafute mshono wa ukuta kwa macho, bila jembe wala sururu. Kisha ukatuonyesha chembe nyeusi ndani ya chokaa, mabaki ya kuni zilizochomea matumbawe ili kupata chokaa hiyo. Hatukujua kwamba mkaa mdogo kiasi kile unaweza kupimwa maabara ukasaidia kukadiria umri wa ukuta. Tangu jana hakuna anayepita penye ukuta wa zamani bila kuinama.

Mheshimiwa mgeni rasmi, magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Tunaona fahari. Hata hivyo, tukisoma habari za waliochunguza majengo haya, tunakutana na Neville Chittick aliyechimba hapa miaka ya 1960, na Peter Garlake aliyepima na kuchora misikiti na nyumba za mwambao wote. Tunawaheshimu kwa kazi yao. Tunatamani sasa majina ya watoto wa Kilwa yafuate.

Njia ya kufika huko ndiyo inayotutatiza. Akiolojia inasomwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi. Mwanafunzi wa tahasusi, yaani mchepuo wa masomo, ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) anaambiwa michoro ya majengo si yake, na wa PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) hana historia katika tahasusi yake. Kazi yako inahitaji vyote viwili, tena na kemia ya chokaa juu yake. Tunaomba leo utueleze wazi wewe ulivukaje, na mwenye tahasusi moja aanzie wapi.

Lipo jambo jingine linalotuuma. Nyumba za zamani katika miji ya mwambao zinapigwa plasta ya saruji kwa nia njema kabisa. Saruji inauzuia ukuta wa matumbawe kupumua. Unyevu na chumvi vinabaki ndani, na plasta inapobanduka huondoka na uso wa jiwe. Mafundi wa chokaa wanalijua hili. Wanajua pia kwamba chokaa iliyozimwa kwa maji huachwa shimoni miezi kadhaa ndipo iwe laini ya kufanyia kazi. Wazee hawa wanapungua, na ujuzi wao haujaandikwa vya kutosha. Kwa maoni yetu, fundi wa namna hii anastahili kusimama mbele ya darasa la chuo kikuu kama mhadhiri.

Kwa heshima, tunaomba mambo mawili. Kwanza, utusaidie kupata mafunzo ya likizo ya kupima na kuchora majengo, kwa kibali cha wasimamizi wa magofu, tukianza na nyumba zisizo na mchoro wowote. Vifaa tunavyohitaji ni futi kamba ndefu, timazi, mbao za kuchorea na kamera. Pili, mafunzo hayo yawe na fundi wa chokaa anayelipwa kama mwalimu, na anachofundisha kiandikwe kwa Kiswahili.

Tunaomba kuwasilisha.