Mada ya utafiti wangu niliikuta kurasa za nyuma za gazeti

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa nne, na kwa miezi kadhaa sasa gazeti lako nalisoma kuanzia nyuma. Naanza na kurasa za matangazo, pale penye minada, zabuni na vyeti vilivyopotea, nikitafuta kisanduku chenye jina la mahakama na maneno "wito kwa mdaiwa", yaani tangazo la kumwita aliyefunguliwa kesi aje kujibu. Nikishakikata kwa mkasi ndipo narudi mbele kusoma habari. Naomba nafasi nieleze sababu, maana huu ndio wakati wanafunzi wenzangu wengi wanahangaika kutafuta mada za tasnifu, na mwenendo wa mashauri ya madai, yaani kanuni za kuendesha kesi zisizo za jinai, ndilo eneo wanalolikimbia kuliko yote.

Naelewa kwa nini wanalikimbia. Katiba ina mashujaa wake, na jinai ina visa ambavyo hata asiye mwanasheria atakaa avisikilize. Mwenendo wa madai una amri, kanuni, fomu na hesabu ya siku: siku za kujibu madai, siku za kuomba nakala, siku za kukata rufaa. Mtu anazikariri, anafanya mtihani, anazisahau. Nami ningezisahau, isipokuwa kwa ajili ya mjomba wangu.

Mjomba alijua kuwa amefunguliwa kesi siku dalali wa mahakama alipobisha hodi akiwa na amri ya kukaza hukumu, yaani kuitekeleza. Hakuwa amehama. Alikuwa akiishi katika nyumba ileile na kutumia simu ileile. Jalada lilieleza kwamba wito ulishindikana kumfikia, mahakama ikaruhusu utangazwe gazetini, tangazo likatoka siku moja, tarehe ikafika naye hayupo, shauri likasikilizwa upande mmoja na hukumu ikatoka. Deni lenyewe alikuwa na jibu lake. Risiti iliyokuwa kabatini mwake haikusomwa na hakimu yeyote. Maombi ya kutengua ile hukumu yalichukua muda mrefu kuliko kesi yenyewe, na muda wote huo mjomba alikuwa akiniuliza mimi, mpwa wake anayesoma sheria, swali moja tu: "Mwanangu, inawezekanaje mtu ahukumiwe kwa jambo ambalo hajaambiwa?"

Pamoja na hayo, nilipotakiwa kuandika pendekezo la utafiti, swali la mjomba sikuliandika. Niliona ni dogo mno, tena ni la nyumbani. Niliandika kichwa kipana chenye heshima: "Ucheleweshaji wa haki katika mashauri ya madai: sababu na suluhisho." Msimamizi wangu alikirudisha kikiwa na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: "Nani anachelewa, katika hatua gani, na wewe utamwonea wapi?" Sikuwa na jibu. Nikaleta kingine kuhusu teknolojia na mahakama. Kikarudi na mstari uleule, safari hii bila hata alama ya kuuliza.

Wenzangu wengi wanakwama hapa, na naamini tunakwama kwa sababu tunachagua mada kama mtu anayetafuta kichwa cha hotuba. Ucheleweshaji wa haki hauna mahali unapoweza kwenda ukaukuta umekaa. Lakini kuahirishwa kwa shauri kuna tarehe, kuna aliyeomba na kuna sababu iliyoandikwa. Pingamizi la awali lina siku lilipoletwa na siku lilipoamuliwa. Wito una karatasi, una aliyeipeleka, na una kiapo cha namna alivyoipeleka.

Mwalimu aliniambia niachane na vitabu kwa wiki moja, niombe ruhusa masjala, nisome jalada moja lililofungwa, kuanzia gamba hadi gamba. Nilisoma moja, nikaomba la pili, kisha la tatu. Yalikuwa mashauri tofauti, wadai tofauti, wadaiwa tofauti. Katika yote matatu mpeleka wito aliapa kwamba alifika nyumbani kwa mdaiwa, akakuta mlango umefungwa, na "jirani aliyekataa kutaja jina lake" akamwambia kuwa mdaiwa amehama. Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Hata neno "mlango" lilikuwa limekosewa herufi ileile mara tatu. Nilikaa nayaangalia yale makaratasi mpaka karani akaniuliza kama naumwa.

Nyuma ya kiapo kimojawapo kulikuwa na kipande cha gazeti kilichobanwa kwa pini iliyoshika kutu. Upana wake ni vidole vitatu. Upande wa kushoto kilipakana na tangazo la leseni iliyopotea, chini na mnada wa magari chakavu. Jina la mdaiwa lilikuwa katikati ya aya, kwa herufi ndogo kuliko namba ya shauri. Kwa kipande hicho, sheria ilimhesabu mtu huyo kuwa ameambiwa.

Siku hiyo nilipata mada, nayo ni hii: mahakama inapaswa kuridhishwa na nini kabla ya kuruhusu wito utolewe kwa tangazo la gazeti?

Swali ni dogo, lakini ukilishika linakuvuta mbali. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya India ya mwaka 1908, ambayo ndiyo iliyozaa Sheria ya Tanzania ya mwaka 1966, inashughulikia wito katika Amri ya Tano, moja ya mafungu ya kanuni zake. Inaruhusu njia mbadala pale mahakama inaporidhika kuwa mdaiwa anajificha ili asipewe wito, au kwamba kwa sababu nyingine yoyote wito hauwezi kumfikia kwa njia ya kawaida. Na inasema wito uliopelekwa kwa njia hiyo una nguvu sawa na ule uliokabidhiwa mkononi. Uzito wote umelalia neno moja, "kuridhika". Hakimu anaridhika kwa kuona nini? Kiapo kimoja? Mlango mmoja uliofungwa?

Marekani waliligusa jambo hili mwaka 1950, katika shauri la Mullane dhidi ya Central Hanover Bank. Benki ilikuwa ikisimamia mfuko uliounganisha amana nyingi ndogondogo, na sheria ya jimbo la New York iliiruhusu kuwaarifu wanufaika kwa tangazo la gazeti peke yake. Jaji Robert Jackson, aliyeandika hukumu ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, aliwatenganisha watu wa aina mbili. Wale ambao hawajulikani wala makazi yao hayajulikani, tangazo linatosha, kwa kuwa hakuna njia iliyo bora zaidi. Lakini wale ambao benki ina anuani zao, tangazo halitoshi, waandikiwe barua. Katika hukumu hiyohiyo aligusia jinsi ilivyo bahati tupu mtu kuliona tangazo la herufi ndogo kwenye kurasa za nyuma za gazeti. Niliposoma hapo niliinuka nikaenda kufungua nakala ya jalada la mjomba. Namba yake ya simu ilikuwa kwenye mkataba ulioambatanishwa na hati ya madai. Aliyemfungulia kesi alikuwa nayo tangu siku ya kwanza.

Ningeishia hapo ningeandika tasnifu ya hasira. Kilichoniokoa ni shauri la Uingereza lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya huko mwaka 2018. Mdai asiye na wakili alituma hati yake kwa barua pepe kwa mawakili wa upande wa pili, muda wa hati ukiwa unaelekea kwisha. Iliwafikia. Lakini hawakuwa wamekubali kupokea nyaraka kwa barua pepe, na kanuni zilitaka wakubali kwanza. Majaji watatu kwa wawili walikataa kuihalalisha, na wakati huo muda wa kisheria wa kufungua kesi ulikuwa umeshapita. Hebu yaweke hayo mawili pamoja: hati iliyofika ikahesabiwa haikufika, na wito ambao mjomba hakuuona ukahesabiwa umefika. Basi kanuni ya wito inalinda nini, taarifa au utaratibu? Nilipoandika swali hilo kwenye daftari, msimamizi wangu hakuweka mstari mwekundu.

Mwenzangu unayetafuta mada, tafuta mahali ambapo hukumu mbili haziwezi kukaa kiti kimoja, kisha uulize kwa nini. Na maoni ya majaji walioshindwa usiyaruke kwa kuwa hayakushinda. Katika shauri hilo la 2018, wale wawili waliobaki upande wa pili ndio walionipa nusu ya hoja zangu.

Lipo jambo jingine la kusema, na hili linaniuma kidogo. Kati ya majalada niliyosoma limo moja ambalo mdaiwa alikuwa amejificha kwelikweli. Mdai alikuwa mstaafu aliyekopesha kiinua mgongo chake. Mpeleka wito alikwenda mara tano, na safari hii viapo havikuwa vya kunakili: vilitaja saa, vilitaja nani alifungua mlango, kimoja kilieleza kwamba mdaiwa alichungulia dirishani kisha akazima taa. Bila tangazo la gazeti mzee yule asingesikilizwa kamwe. Niliingia kwenye utafiti nikitaka kuthibitisha kuwa wito wa gazetini ufutwe. Sasa siandiki hivyo tena. Naandika kwamba anayeuomba aeleze kwa kiapo alichofanya kumtafuta mdaiwa: namba alizopiga, barua alizotuma, watu aliowauliza kwa majina yao. Tofauti kati ya jalada la mzee yule na lile la mjomba imo katika ubora wa kile kiapo, na hakimu angeweza kuiona kwa kusoma dakika tano.

Kuna watakaosema mada hii inapitwa na wakati kwa sababu simu zimeshika kila kitu. Ni kweli dunia inasogea. Mwaka 2008 mahakama moja ya Canberra, Australia, iliruhusu wadaiwa wafikishiwe hukumu kupitia Facebook. Kenya ilibadili Kanuni zake za Mwenendo wa Madai mwaka 2020 ili nyaraka ziweze kupelekwa kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe za simu. Lakini swali halijaondoka, limehamia kwenye kioo cha simu tu. Namba ni ya nani? Alama zikionyesha ujumbe umesomwa, umesomwa na mdaiwa au na mwanawe anayechezea simu? Anayetaka mada mpya kabisa aanzie hapo, mimi nimemwachia.

Ombi langu kwa walimu wetu ni moja. Mtupeleke masjala mapema, mwaka wa pili, kabla hatujajifunza kutunga vichwa vipana. Barua ya utambulisho kutoka chuoni na wiki moja ya kusoma majalada yaliyofungwa vingetuokolea miezi ya kuandika mapendekezo yanayorudi mekundu. Nawajua watatu darasani kwetu walioacha mwenendo wa madai wakaenda kwenye mada nyingine, si kwa kuwa wanaipenda, bali kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kiapo cha mpeleka wito kinafananaje.

Kwako, Mhariri, ombi langu ni la kazi yako. Matangazo ya wito yanalipiwa kama mengine, hilo nalijua, na nafasi ina gharama. Lakini tangazo la mnada likipitwa, mtu amekosa gari. La wito likipitwa, mtu amepoteza nafasi ya kujitetea. Yapangie ukurasa mmoja, siku moja ya wiki, ili watu wajue pa kuyatafuta. Yaweke pia kwenye intaneti ambapo mtu anaweza kuandika jina lake na kuona kama ametajwa. Na jina la mdaiwa lichapwe juu, kwa herufi nene, kabla ya namba ya shauri. Bahasha yangu ya vipande nilivyokata sasa ni nene kuliko rasimu ya tasnifu, na ni vichache mno ambavyo jina la anayeitwa linaonekana kabla ya kusogeza gazeti karibu na macho.

Mjomba naye ameanza kuzisoma kurasa hizo. Juzi alinipigia simu kunitajia jina la jirani yake wa zamani alilolikuta humo, akaenda kumgongea mlango jioni ileile. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya shauri kutajwa.

Wako,
Mwanafunzi wa sheria, mwaka wa nne