Mkulima mmoja peke yake hamwezi kantangaze

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu elimu ya kilimo katika vijiji vinavyolima nyanya, hasa huku kwetu Ilula, mkoani Iringa, ambako tenga la nyanya ndilo ada ya shule na ndilo bati la nyumba.

Umepita muda mrefu tangu nondo tunayemwita kantangaze agunduliwe nchini mwaka 2014, kule Arusha, akiwa ametokea Amerika Kusini na kupitia Hispania, alikoonekana mwaka 2006. Alipoingia katika mashamba yetu, wengi tulidhani ni ukungu. Mimi mwenyewe nilinunua dawa ya ukungu nikapulizia mara tatu, na bado majani yakazidi kukauka kama yaliyobabuliwa na moto, mpaka siku jirani yangu alipochuma jani moja, akaliinua kuelekea juani, akaniambia, "Kaka, hebu tazama humu ndani." Katikati ya ngozi mbili za jani alikuwamo kiwavi wa kijani, mdogo kuliko punje ya mchele, akijisogeza taratibu na kuacha nyuma yake kinyesi cheusi. Ndipo nilipoelewa kwamba muda wote huo nilikuwa nikilowesha paa la nyumba ambayo mwenyewe yumo ndani, anakula.

Nilikwenda duka la pembejeo. Nikashauriwa kuchanganya sumu mbili katika bomba moja, na ziliposhindwa, nikaambiwa niongeze kipimo. Simlaumu sana aliyenishauri, kwa kuwa kazi yake ni kuuza. Kinachonisikitisha ni kwamba tumemwachia awe ndiye mwalimu wetu pekee, ilhali mdudu huyu huwa sugu upesi pale sumu ileile inaporudiwarudiwa, na nyanya zetu huchumwa kabla siku zilizoandikwa kwenye kibandiko hazijatimia.

Mambo ambayo kila mkulima angepaswa kufundishwa si magumu. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 260, na kutoka yai hadi nondo huchukua takriban mwezi mmoja, na zaidi kukiwa na baridi. Viwavi wengi wakishakua huingia udongoni au hubaki ndani ya majani yaliyokauka, na humo hugeuka kuwa nondo. Kwa hiyo shamba linaloachwa na mashina yake baada ya mchumo wa mwisho, pamoja na nyanya zilizotobolewa na kutupwa pembeni, huwa kitalu cha kantangaze kwa kijiji kizima, na hata mnavu unaoota mpakani humhifadhi. Mimi nikiyang'oa masalia yangu na kuyateketeza, huku mwenzangu wa ng'ambo ya mfereji ameyaacha, nondo wake wataruka usiku na kuja kwangu.

Hii ndiyo sababu naona dawa ya tatizo hili ni shamba darasa. Utaratibu huo ulianzia Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga, waliokutana kila wiki shambani, wakahesabu wadudu kwa macho yao na kuamua wenyewe kama kuna haja ya kupulizia. Hapa nchini tunaufahamu, lakini mara nyingi umekuja na mradi na kuondoka na mradi. Naiomba halmashauri itenge sehemu ya ushuru wa mazao unaokusanywa getini, ili afisa ugani awe na wakulima tangu miche ikiwa kitaluni, awaonyeshe mtego wa harufu ya jike, inayowavuta madume, juu ya beseni la maji ya sabuni, na serikali ya kijiji ipange siku moja ya wote kung'oa masalia.

Ianze hata na kijiji kimoja msimu ujao. Robo eka ya shamba langu, iliyo karibu na maji, nipo tayari kuitoa itumike kwa darasa hilo bila malipo.

Wako,
Mkulima wa nyanya,
Ilula, Iringa.