Barua kwa wifi yangu, kabla hujawasha jiko

Wifi yangu,

Salamu kutoka Nyamasaria. Watoto wazima, kaka yako mzima, na yule paka uliyemfukuza kwa ufagio amezaa tena. Nimeamua kukuandikia hapa, mbele za watu, kwa sababu simu yangu unaiacha iite mpaka ichoke, na ujumbe unausoma ukanyamaza. Hapa najua utapita.

Jumamosi ya tatu ya Aprili kaka yako anatimiza miaka 40, nami sitakuwepo. Mama yangu amepewa tarehe ya kutolewa mtoto wa jicho huko Kakamega, na mimi ndiye kifungua mimba, sina wa kumtuma. Kwa hiyo wewe ndiye utakayempikia. Si kwamba nimekuomba. Yeye mwenyewe amekutaja.

Najua utaanza na yale ya siku zote, kwamba kwenu Waluo hakuna bathidei, kwamba jina la mtu ndilo siku yake: Otieno wa usiku, Omondi wa alfajiri, Odhiambo wa jioni, Okoth wa mvua, na anayelisikia jina amekwisha kujua hali ilivyokuwa siku ile mama mkwe alipojifungua. Ni kweli, na mimi naliona jambo hilo zuri kuliko keki. Ila jina halisemi mwaka. Mwaka ameushika mama kichwani kwa kuhesabu mavuno, ndio ukaandikwa kwenye kitambulisho, na ndio tunaousherehekea. Mtu aliyefika 40 akiwa bado anainama kuwafunga watoto kamba za viatu kila asubuhi anastahili kuimbiwa.

Tuanze na jiko, maana hapo ndipo tulipokosana.

Sufuria ya keki ni ile kubwa yenye chini nene, iko stoo chini ya meza, imefunikwa kwa ungo. Ndani utakuta mchanga. Usiumwage ukidhani ni uchafu wangu. Nimeuosha, nikauchekecha, nikauanika siku mbili. Uwe na kina cha vidole viwili na uwe mkavu kabisa, kwa sababu mchanga wenye unyevu hutoa mvuke, mvuke unagonga kifuniko, unageuka matone, na matone yanarudi kuilowesha keki juu. Mkebe wa keki uwe mdogo kuliko sufuria, ubaki upana wa vidole viwili kila upande, hewa ya moto ipate njia ya kuzunguka. Upake siagi, kisha tandaza karatasi ndani yake, chini.

Makaa washia nje mpaka yawe mekundu na moshi uishe. Usiyaingize ndani ukafunga madirisha eti upepo unasumbua. Hewa ya makaa haina harufu, na inaua. Bandika sufuria na mchanga wake, funika, iache dakika 15 ipate moto huku ukikoroga. Mkebe ukishaingia, gawa makaa: fungu moja libaki chini, mafungu mawili yapande juu ya kifuniko. Wengi hufanya kinyume, ndiyo maana keki zao huungua chini huku juu bado ni uji.

Vipimo ni hivi. Unga wa ngano gramu 250, sukari gramu 200, siagi ya kopo gramu 200, mayai 4, maziwa nusu kikombe kasoro kidogo, chumvi ya kushikwa kwa vidole viwili, na ganda la limau moja lililoparuzwa. Baking pauda vijiko vidogo 2, visawazishwe kwa mgongo wa kisu. Viwili. Ukinunua ule unga unaojiumua wenyewe usiongeze hata chembe, tayari imo. Ikizidi, keki huinuka kwa pupa, viputo vinakuwa vikubwa mno, vinapasuka kabla unga haujashika, kisha katikati panazama na ulimi unabaki na ladha kama ya sabuni.

Piga siagi na sukari kwanza, mpaka rangi ipauke na sukari isisikike sana ukisugua kati ya vidole. Hapa Kisumu siagi haikai sawa mchana. Ikiyeyuka haishiki hewa tena, na hewa hiyo ndiyo inayoifanya keki iwe nyepesi, kwa hiyo weka bakuli ndani ya karai la maji baridi, au piga saa moja asubuhi kabla jua halijakasirika. Mayai tia moja moja. Mchanganyiko ukianza kukatika kama maziwa mabovu, nyunyiza kijiko cha unga uendelee. Unga ukishaingia wote usikoroge tena kwa nguvu, kunja tu kwa mwiko. Ukizidisha kukoroga unavutika, na utakata keki kama unakata chapati ya jana.

Sasa kifuniko.

Keki ya makaa haifunguliwi kabla ya dakika 30 kwisha. Dakika 30 ni chache, ni za kusubiri tu, hata wewe unaziweza. Katika nusu saa ya kwanza inayoishikilia keki ni hewa ya moto iliyomo ndani yake. Mayai na unga havijakaza bado. Ukifunua, baridi inaingia, hewa ile inasinyaa, na kwa kuwa kuta hazijashika, katikati panaanguka. Hata ukifunika tena, hapainuki. Tena ukikiinua kifuniko umeondoka na makaa ya juu, kwa hiyo umezima theluthi mbili za moto kwa mkono mmoja.

Mwaka jana ulifunua dakika ya 18. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani kupitia mlangoni, huku nikimkaribisha mama na wale wageni wa kanisani. Ulikuwa umeshika kile kitambaa changu cha maua. Ulifunua, ukachungulia, ukaita wenzako nao wachungulie, mkasimama pale mkiongea, halafu ukafunika. Ilipotoka ikiwa na shimo la kuenea kikombe, ukasema kwa sauti ya kufika sebuleni, "Kumbe wanaouza keki nao huchoma." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Hilo ningekwisha kulisahau. Nisiloweza kulisahau ni boksi. Ulikwenda garini ukarudi na keki ya duka, utepe mwekundu, jina lake limeandikwa kwa krimu ya buluu iliyowatia watoto rangi ya ulimi mpaka Jumatatu. Boksi lile lilitoka chini ya kiti cha mbele, wifi. Hukulinunua baada ya shimo. Ulikuja nalo. Kabla sijapasua yai la kwanza ulikuwa umeshaamua.

Na ni wewe huyo huyo uliyenikanda kwa maji moto wiki 3 nilipojifungua Achieng, ukanipikia uji wa wimbi asubuhi na jioni na kumnyima mama mkwe nafasi ya kunikaripia. Nikikumbuka mikono ile, nashindwa kuiunganisha na mikono iliyobeba boksi. Labda ndiyo maana barua hii imekuwa ndefu.

Tuendelee. Baada ya dakika 30 unaweza kuchungulia haraka, ukaongeza makaa juu kama yamefifia. Dakika 45 hadi 50, choma katikati kwa kijiti cha ufagio kilichooshwa; kikitoka kikavu, epua. Iache ndani ya mkebe dakika 10, kisha igeuze, maana ikikaa zaidi hutoa jasho na kulowa chini. Krimu ya siagi usihangaike nayo, kwa joto la saa nane itateleza hadi kwenye sahani. Chukua sukari laini ya unga gramu 150, vijiko vikubwa 2 vya maji ya limau, koroga mpaka ianguke kijikoni kama utepe, mwagia keki ikiwa imepoa kabisa. Mishumaa iwashe ndani, kwa sababu mchana upepo wa ziwa ukishaanza utawasha kiberiti kizima.

Kuku usichinje mwaka huu. Mimi mtu wa Maragoli, kuku akifika kwa mume bila firigisi ni tusi, na mwaka jana firigisi ilipotelea njiani kati ya jikoni na mezani. Sitaji mtu. Mkono ulikuwa na bangili.

Pika samaki. Usimtume kijana wa boda, nenda Dunga mwenyewe asubuhi na mapema, mashua zikiingia. Ngege, yaani tilapia, wa nusu kilo anatosha mtu mzima mmoja. Jicho liwe limejaa na kung'aa, matamvua mekundu, na ukimbonyeza nyama irudi. Siku ambazo gugumaji limefunga ufuo mashua huchelewa na utapewa aliyelala kwenye barafu. Si vibaya kumnunua, ila asiuzwe kwa bei ya aliye hai. Toa magamba kuanzia mkiani kwenda kichwani, mkate mikato mitatu kila ubavu mpaka usikie mfupa, mpake chumvi na limau, muache dakika 20. Kisha, na hapa wengi hukosea, mpanguse kwa kitambaa awe mkavu kabisa. Maji yakikutana na mafuta yatakurukia usoni, na ngozi yenye maji hunata kwenye karai. Mafuta yafike nusu ya unene wake. Chovya ncha ya mwiko wa mti, viputo vikiuzunguka, mtie. Halafu mwache. Ukianza kumsukasuka ngozi itabaki karaini. Dakika 6 au 7 ataachia mwenyewe, ndipo umgeuze. Mchuzi ni vitunguu viwili na nyanya nne, bila dania. Kaka yako hapendi dania. Kwako atakula akisema ni tamu, kisha usiku atanipigia kuniuliza kwa nini sikukuambia. Nimekuambia.

Ugali unaujua, sikufundishi.

Chai yake ya asubuhi: nusu maji nusu maziwa, tangawizi ipondwe na ichemke na maji kwanza kabla ya maziwa, kwa sababu ukiitia mbichi kwenye maziwa yanaweza kukatika. Sukari atie mwenyewe kikombeni. Daktari alimwambia apunguze, ameshuka kutoka vijiko vitatu hadi kimoja na nusu, na hiyo nusu ndiyo vita vyetu vya kila siku. Usimwonee huruma.

Akimaliza kula atainuka aoshe vyombo. Mwache aoshe. Mwaka jana ulimpokonya sufuria mkononi ukasema amekaliwa chapati, eti nimemroga. Wifi, mimi naamka saa kumi kukanda mandazi, natoka saa kumi na mbili kuyapeleka stendi, narudi na ndoo tupu na mgongo unaouma. Yeye hufunga karakana saa kumi na moja jioni na kufika nyumbani kabla yangu. Nani aoshe, paka? Hatukuandikiana. Alianza siku moja nikiwa na mimba, hakuacha, na wala sikumshukuru hadharani kwa sababu angeona haya. Basi nimemshukuru hapa. Na sijamkalia. Ulitaka nifanye nini, nimnyang'anye kama wewe?

Halafu maji. Vijana wa karakana watakuja na ndoo kummwagia, hilo haliepukiki. Mpeleke kwenye nyasi upande wa mwembe, si kwenye ngazi za saruji ambako mtu atateleza. Hakikisha simu na pochi vimetoka mfukoni. Usimwulize mbele yao, atashtuka. Mtume Achieng avichukue. Maji yawe safi, si ya vyombo. Na wamalize kabla ya saa kumi, kwa kuwa mvua za Aprili huku kwetu hupenda kuja jioni, na kifua chake unakijua tangu mkiwa wadogo.

Ukija na boksi, njoo nalo. Sitakuwepo kuliona. Lakini angalau mmalize mliyopika kwanza.

Lingine ni hilo la baking pauda. Nimekuandikia vijiko viwili, na ni viwili kweli, ndivyo natumia kwa keki za kuuza. Mwaka jana niliweka vitatu. Mama yenu alikuwa anakuja, na wale wa kanisani, na wewe, nami nilitaka iinuke ipite ukingo wa mkebe. Nilijua nikikitia kile cha tatu. Pengine ingezama hata kama usingegusa.

Lakini kifuniko ulikifungua wewe.

Ufunguo wa stoo nimemwachia jirani wa mlango wa kijani. Mwambie umetumwa na mama Achieng, atakupa.

Wifi yako.