Gari jeusi ni jipya, polishi ya nini tena?

Swali hili huja karibu kila tunapoletewa gari jeusi ambalo bado lina plastiki kwenye viti. Mwenye gari ameomba kinga ya seramiki tu, ile dawa angavu inayopakwa juu ya rangi ikakaza. Sisi tunamwambia gari litalala kwetu, rangi itasafishwa kwa kina, kisha litapigwa polishi kabla ya kupakwa kinga yoyote. Uso unabadilika. "Jamani, gari halijatembea hata kilomita mia!" Wapo wanaodhani tunawaongezea bili, na hatuwalaumu, tungekuwa wao tungeuliza vilevile.

Jibu letu ni kwamba kilomita hazisemi lolote kuhusu hali ya rangi. Ile mikwaruzo midogo midogo inayoharibu sura ya gari jeusi hailetwi na barabara. Inaletwa na mikono ya watu: kufuta, kuosha na kukausha. Na gari lako limeshafutwa na kuoshwa na watu wengi kabla hujakabidhiwa funguo. Limetoka kiwandani, likaegeshwa uwanjani, likapakiwa kwenye lori, treni au meli, likasubiri bandarini, likasubiri tena kwa muuzaji. Siku ya kukabidhiwa, mtu anapewa muda mfupi alioshe liwake. Anatumia sponji iliyoosha magari mengine tangu asubuhi na ndoo moja ya maji. Mchanga wa gari lililotangulia umo humo humo. Wengine wakiona mikwaruzo imezidi hupitisha mashine haraka haraka na polishi yenye mafuta ya kujazia. Gari linapendeza kwenye picha za kukabidhiwa, halafu baada ya kuoshwa mara chache mafuta yanaisha na kila kitu kinarudi.

Ukija tutakuonyesha kwa macho yako. Tunaingiza gari ndani, tunazima taa za dari na kushika tochi moja yenye mwanga mkali karibu na boneti. Kuzunguka ule mwanga inatokea mistari myembamba, kama buibui amefuma utando pale. Sogeza tochi, nao utando unasogea. Kwa kweli mistari imekwenda kila upande. Ile iliyokaa kwa kuukatiza mwanga ndiyo inayowaka, ndiyo maana jicho linaona duara. Kivulini huoni kitu. Toa gari juani saa sita mchana uone.

Gari jeupe nalo lina mikwaruzo hiyo hiyo, ila linajua kuificha. Watu husema rangi nyeusi ni laini kuliko nyingine. Si kweli. Kinachokwaruzika ni tabaka angavu la juu kabisa, ambalo wapiga rangi huliita klia, na ugumu wake unategemea kiwanda kimetumia nini, si rangi iliyo chini yake. Tofauti iko machoni: kingo za mkwaruzo hurudisha mwanga mweupe, na juu ya weusi mwanga huo unajitangaza. Nyeusi yenye chembe za metali husitiri kidogo, kwa sababu chembe zinalivuruga jicho. Nyeusi tupu haisitiri hata kidogo. Kwetu sisi hiyo ndiyo rangi nzuri kuliko zote ikiwa safi, na ndiyo inayotutoa jasho.

Sasa kwa nini tusipake seramiki juu yake tu, mambo yaishe? Kwa sababu seramiki ni angavu na nyembamba mno. Haifuniki mkwaruzo, inaufungia ndani, tena kwa mng'ao unaouonyesha vizuri zaidi. Ukitaka kuutoa baadaye itabidi uinyoe na kinga yenyewe uliyoilipia.

Kunyoa ndilo neno lenyewe. Rangi yote ya kiwandani, kutoka bati hadi juu, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi, na maikroni 1,000 ndizo milimita 1. Katika hizo, klia ni kama 35 hadi 50 tu, na humo ndimo zilimo kemikali zinazozuia jua lisipaushe rangi. Polishi hufanya kazi kwa kupunguza klia mpaka ifikie kina cha mkwaruzo. Polishi nyepesi inaondoa maikroni chache, na hizo hazirudi tena. Kwa hiyo fundi anayekuahidi kutoa kila alama kwenye gari jipya, mwogope kidogo. Mkwaruzo ambao ukucha unanasa umeshaingia ndani sana. Tunaupunguza makali na kuuacha. Gari utakaa nalo miaka, na klia ni hiyo hiyo moja.

Tunapima unene wa rangi ya kila bodi, yaani kila kipande kama mlango au boneti, kwa kifaa kabla ya kuwasha mashine. Kifaa hicho kina umbea wake pia. Kinasoma 120 kwenye boneti, 115 kwenye mlango wa mbele, halafu mlango wa nyuma kinaruka hadi 280. Hapo pameshapigwa rangi upya, pengine gari liligongwa safarini na hakuna aliyekwambia. Habari hiyo ni ya kumpelekea muuzaji mapema, na kwetu inabadilisha ratiba: rangi ya gereji inahitaji wiki kadhaa za kupumua kabla ya kufunikwa na seramiki, kwa sababu viyeyushi bado vinatoka ndani yake. Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye joto linalozidi nyuzi 100, hivyo iko tayari tangu siku ya kwanza. Ule ushauri wa kusubiri miezi mitatu ndipo upake kinga gari jipya hauna kazi tena.

Kuna usafi mmoja ambao shampuu haiuwezi. Vaa mfuko wa plastiki mwembamba mkononi, pitisha vidole taratibu juu ya boneti iliyooshwa ikakauka. Utahisi vipunje, kama umegusa msasa laini. Vingi ni chembe za chuma kutoka kwenye reli na breki, zilizojichimbia kwenye klia wakati wa kusafirishwa. Tunapulizia dawa ya kuyeyusha chuma, na baada ya dakika chache kila chembe inaanza kulia machozi ya zambarau yanayoteremka mlangoni. Kwenye gari jeupe mteja hupiga picha. Kwenye jeusi inabidi uiname pembeni ndipo uyaone. Zinazobaki tunazitoa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiteleza juu ya kilainishi kingi. Udongo huo wenyewe huacha alama hafifu kwenye rangi nyeusi, na hiyo ni sababu nyingine ya polishi kuja baada yake.

Baada ya polishi tunafuta kila bodi kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili mafuta yote yatoke, kisha tochi inarudi. Ukiwa na fundi mwingine, mwombe afanye hivyo hivyo mbele yako. Hatua hiyo ndiyo inayotenganisha rangi iliyotengenezwa na rangi iliyojazwa mafuta.

Tukija kwenye kinga yenyewe, nta hatuisemi vibaya. Huipa rangi nyeusi kina na joto fulani zuri sana, ila hudumu wiki chache au miezi miwili mitatu, basi. Kwa mtu anayependa kuhudumia gari lake mwenyewe Jumapili, inatosha. Wengi huja wakitaka seramiki, ambayo ikitunzwa hukaa miaka. Tunaipaka kipande kwa kipande, matone machache kwenye kitambaa laini, tunangoja uso uonyeshe rangi za upinde wa mvua, ndipo tunafuta. Ukichelewa kufuta, panabaki wingu jeusi lisilotoka tena ila kwa polishi, na kwenye gari jeusi wingu hilo ni aibu. Ndiyo maana hatufanyi kazi hii juani wala kwa haraka.

Ila tuseme ukweli kuhusu ile "9H" wanayoitangaza wauzaji wa seramiki kama kipimo cha ugumu. Hicho ni kipimo cha penseli. Maana yake penseli ngumu ya daraja hilo haikuikwaruza kinga kwenye majaribio. Penseli si mchanga. Mchanga una kwatzi, madini magumu sana, na kwatzi haijali seramiki hata kidogo ukiusugua juu ya rangi. Seramiki inafukuza maji na uchafu, inarahisisha kuosha, inapunguza makali ya jua na kemikali. Haizuii kokoto, haizuii funguo za mpita njia, haimruhusu mtu kufuta vumbi kavu.

Kokoto inazuiwa na filamu angavu ya plastiki laini, na ndiyo kinga pekee tunayoweza kukwambia inakinga kipigo. Ina unene wa maikroni 150 hadi 200, yaani filamu peke yake inaizidi rangi yote iliyo chini yake, na nyingi za siku hizi hufuta mikwaruzo midogo zenyewe zikipata joto. Ni ghali. Kama unakwenda sana barabara kuu, weka mbele tu: bampa, boneti, vioo vya pembeni. Sehemu nyingine seramiki itatosha. Uamuzi huo ufanye mwanzoni, kwa sababu filamu hubandikwa kwanza na seramiki hupita juu. Kinyume chake gundi haishiki vizuri.

Yote hayo yanaweza kuharibiwa asubuhi moja na mtu mwenye kitambaa kikavu. Tukiruhusiwa kukataza jambo moja tu, tungekataza kufuta vumbi kavu: kwa manyoya, kwa kitambaa, kwa brashi "isiyokwaruza", yote. Vumbi likiwa limekaa juu ya gari halidhuru kitu. Linadhuru likisukumwa. Vilevile turubai la kufunikia: likivalishwa gari lenye vumbi, upepo unafanya kazi yote ya kusugua usiku kucha. Na mashine za kuoshea zenye brashi zinazozunguka, tafadhali pita mbali nazo.

Kuosha kwenyewe, anza na maji mengi bila kugusa. Mashine ya presha ishike mbali kidogo, kama sentimita 30, na kama una povu la kupulizia, lipake literemke na uchafu. Rimu zioshe kwanza kwa vifaa vyake. Unga wa breki ukiingia kwenye ndoo ya kuoshea bodi, umeharibu kazi. Kisha ndoo mbili: moja ya shampuu isiyo kali, nyingine ya maji matupu. Glavu ya maikrofaiba, yaani kitambaa cha nyuzi nyembamba mno, inachovya shampuu, inapita bodi moja kutoka juu kwenda chini kwa mistari iliyonyooka, inasuuzwa kwenye maji matupu, ndipo inarudi kwenye shampuu. Anza na paa, malizia na sehemu za chini ya milango, ambako mchanga ni mwingi. Utashangaa ile ndoo ya maji matupu mwishoni. Glavu ikianguka chini, imemaliza kazi kwa siku hiyo, hata kama unaona ni safi.

Usioshe juani. Bati jeusi likipigwa na jua la mchana hupita nyuzi 60, maji yanakauka kabla hujafika na taulo, na chokaa iliyomo inabaki kama pete nyeupe. Seramiki hapa inaweza hata kukuongezea kazi, kwa sababu maji yanasimama kwa matone na kila tone linaacha pete yake. Pete mbichi hutoka kwa siki nyeupe iliyozimuliwa na maji, kisha unasuuza. Zikiachwa zikachomwa na jua wiki nzima zinaila klia. Kausha kwa taulo kubwa la maikrofaiba, ulilaze na kulivuta taratibu bila kukandamiza. Mataulo hayo yafue peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo.

Mavi ya ndege yana asidi na hayasubiri Jumamosi. Loweka kitambaa au karatasi laini, ilaze juu yake dakika kadhaa mpaka yalainike, kisha inua. Usisugue, mara nyingi mna mchanga na mbegu. Weka chupa ya maji na vitambaa viwili safi ndani ya buti, utavitumia.

Ukiwa bado hujakabidhiwa gari, mwambie muuzaji kwa maandishi asilioshe, asilipige polishi wala kutoa plastiki za nje. Wengine watakuangalia kama umerukwa na akili. Lilete kwetu na vumbi lake. Ukija kulichukua, saa 24 za mwanzo lisipate maji, na siku 7 za kwanza lisioshwe kwa shampuu, kwa kuwa seramiki bado inakaza. Mvua ikilinyeshea baada ya siku ya kwanza usihangaike, litie kivulini likauke au lifute maji kwa taulo safi. Kuosha kwa kwanza tunafanya sisi bila malipo, nawe uwepo, ili aliyezoea kuoshea gari lako nyumbani aje naye aone.